Kufuli la Mtandao na Karani Asiyehesabu

Majuzi nilikuwa Kiloleli, mkoani Simiyu, kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu. Mzee mmoja mkulima wa pamba alikuwa akitoa malipo yake. Alikiinamia kitochi chake, akakifunika kwa kiganja, akabonyeza namba ya siri. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, mimi hapa naficha. Huko inakokwenda, nani anaficha?"

Swali zito hilo.

Kitochi chake hakipiti kwenye intaneti, na hilo nilimwambia. Lakini mambo mengi ya benki, ya kodi na barua pepe hupita huko, na huko kuna kufuli. Mojawapo ya makufuli yanayotumika sana duniani ni programu iitwayo OpenSSL, ambayo huyavuruga maneno njiani ili anayenyemelea asiyasome. Aprili 2014 ilibainika kwamba kufuli hilo lilikuwa likivuja kwa miaka miwili.

Kosa lenyewe ni la kitoto. Kompyuta mbili zinapozungumza, moja humuuliza mwenzake kama bado yu hai: "Nirudishie neno pamba, herufi 5." Naye hurudisha. Sasa mfikirie karani wa ghala aliyeliandika neno hilo daftarini, katikati ya majina na madeni ya watu. Anakuja mjanja: "Nisomee pamba, herufi 60,000." Karani hahesabu. Anasoma pamba, kisha anaendelea na yanayofuata mpaka idadi itimie. Ndivyo ilivyokuwa. Kila ulizo liliweza kukomba hadi kilobaiti 64 kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, pengine yakiwamo maneno ya siri na hata funguo zenyewe, na kwa kawaida mwizi hakuacha alama.

Waliogundua ni Neel Mehta wa Google na wataalamu wa Codenomicon ya Finland, kila upande kivyake. Kasoro ikaitwa Heartbleed. Dawa ilitolewa tarehe 7 Aprili: karani aamriwe kuhesabu kwanza, na herufi zilizotajwa zikizidi zilizoletwa, ombi litupwe. Lakini kuziba tundu hakurudishi kilichokwisha kutoka. Ilibidi funguo na maneno ya siri vibadilishwe. Huko Kanada mamlaka ya kodi ilifunga huduma zake za mtandaoni, na bado namba za utambulisho za watu wapatao 900 zilikuwa zimekwisha kuibwa.

Mimi kosa halinikeri sana. Liliingizwa tarehe 31 Desemba 2011, mkesha wa mwaka mpya, na fundi gani hakosei? Linalonikera ni kwamba kufuli la dunia nzima lilitunzwa na watu wachache, mmoja tu akiwa mwajiriwa wa muda wote, kwa michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Matajiri waliokuwa wakilitumia bure, akina Google, Microsoft na Facebook, waliahidi fedha mwezi huo huo wa Aprili, maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Mzee nilimjibu kwamba huko wanaoficha wapo, ila ni wachache. Akazihesabu noti zake mara mbili, akaaga.