Akigonga kichwa, atoke uwanjani



Katika klabu yetu tumekubaliana hivi: mchezaji akigonga kichwa, nasi tukashuku mtikisiko wa ubongo, anatoka na harudi uwanjani siku hiyo. Mtikisiko huweza kutokea bila mtu kuzimia. Tunaangalia kama amechanganyikiwa, anapepesuka au kichwa kinamuuma.

Akizimia, akitapika tena na tena, akipata degedege au mkono ukilegea, tunampeleka hospitali mara moja. Shingo ikimuuma, hatumwinui ovyo; tunamwita mwenye ujuzi.

Hatumwachi peke yake, wala haendeshi pikipiki. Anapumzika siku 1 hadi 2, kisha anarudi mazoezini hatua kwa hatua, kwa ruhusa ya mganga.

Vijana wengi huficha maumivu wakiogopa kupoteza namba. Lakini pigo la pili kabla ubongo haujapona laweza kuua. Tangu Julai 2024, sheria za soka zinaruhusu mashindano kuongeza nafasi ya kubadilisha mchezaji wa namna hii. Tuwaombe waandaaji wa ligi zetu waitumie. Na tumwambie kila kijana wazi: namba yako inakungoja.