Harufu ya Nyumba

Jioni ya leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wenye adabu hawalitaji mbele ya mwenye nyumba, nalo ni harufu ya nyumba yake.

Hapana mtu aijuaye vema harufu ya nyumba yake mwenyewe. Ndivyo pua zetu zilivyo: zikikaa mahali penye harufu moja kwa kitambo kidogo, huizoea, zikaacha kutupasha habari zake. Mchuuzi wa samaki hasikii harufu ya tenga lake, na mtu alalaye nyumba moja na mbuzi wake huapa ya kuwa mbuzi wake hawanuki. Wala hasemi uwongo. Pua yake imekwisha choka kumwambia. Mgeni avukaye kizingiti ndiye asikiaye, naye kwa heshima hunyamaza, hunywa uji aliopewa, kisha huaga upesi kuliko alivyokusudia. Basi mtu atakaye kujua habari za nyumba yake, na atoke alfajiri, aende shambani au kisimani, akae huko katika hewa safi, kisha arudi asimame mlangoni na kuvuta pumzi mara moja. Pumzi ile ya kwanza itamwambia kweli. Ya kumi haitamwambia neno.

Sisi tulijifunza hayo kwa aibu. Zamani, tulipoanza kazi ya kufundisha, tulipewa nyumba ya vyumba viwili, yenye madirisha madogo ambayo tuliyafunga siku zote kwa kuogopa wezi na mvua. Katika masika ya mwaka ule tukasikia harufu mbaya ndani, ikija na kwenda. Mara mama mkwe akaleta habari ya kuwa atakuja kumtazama mjukuu wake. Tukaingiwa na hofu. Tukachukua fedha tuliyoiweka kwa ajili ya kununua kitabu, tukanunua udi, tukafukiza asubuhi na jioni siku tatu, hata moshi ukawatoa watoto machozi.

Mama mkwe akafika. Tukamwamkia, "Shikamoo, mama," akaitika, "Marahaba, baba." Akaketi ukumbini, akausifu udi. Nanyi mwajua ya kuwa mama mkwe na mkwewe hawaambiani kila neno, kwa hiyo akaondoka, akamfuata bintiye jikoni, nasi tuliokuwa upande wa pili wa ukuta tukamsikia akinong'ona, "Mwanangu, udi wa mumeo ni mzuri sana. Lakini ni nini kilichooza humu, mkakifukizia?"

Hakungoja jibu. Alijifunga kanga kiunoni, akaingia akiifuata pua yake kama mtu afuataye nyayo. Nyuma ya kasha la vitabu vyetu akakuta gunia la viazi vitamu tulilolisahau tangu mavuno, nusu ya viazi vimekuwa maji, na panya wawili wamekufa ndani yake. Viazi vikafukiwa, sakafu ikasuguliwa kwa maji ya moto na majivu, kasha likaanikwa juani, madirisha yakafunguliwa. Jioni ile nyumba haikuwa na harufu yo yote, wala punje ya udi haikuchomwa. Na fedha ya kitabu ilikuwa imekwisha.

Tangu siku ile twasema ya kuwa manukato hayaondoi uvundo. Huchanganyika nao tu, na mchanganyiko huo mara nyingi huchukiza kuliko uvundo wenyewe.

Tena kosa hili si la walimu wa shamba peke yao. Katika mwaka 1858 mji wa London, Uingereza, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2, na uchafu wa vyoo vyao ulishuka katika mto Thames upitao katikati ya mji. Mwezi wa Juni jua likawa kali, maji yakapungua, na mto ukavunda vibaya sana. Nyumba ya Bunge yasimama ukingoni mwa mto huo. Wakubwa wakaamuru mapazia ya Bunge yachovywe katika dawa ya chokaa yenye klorini, wapate kustahimili kukaa ndani. Mapazia yakachovywa, na uvundo ukabaki pale pale. Ndipo walipokubali kutoa fedha nyingi, na mwezi wa Agosti wakapitisha sheria ya kujenga mifereji mikubwa chini ya ardhi. Mhandisi Joseph Bazalgette akaijenga, ikauchukua uchafu na kuupeleka mbali upande wa mashariki. Kama hawangalichoka na mapazia, mifereji ingalichelewa zaidi.

Watu wa zamani zile walidhani ya kuwa uvundo wenyewe ndio ugonjwa. Hata neno malaria, kwa asili yake, ni lugha ya Kiitalia, na maana yake ni hewa mbaya. Katika mwaka 1897 Daktari Ronald Ross, akifanya kazi katika Bara Hindi, aliona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu, na tangu hapo watu wakajua ya kuwa si hewa iletayo homa ile, bali ni mbu. Vivyo hivyo kipindupindu hakiletwi na harufu; chaja kwa maji na chakula vilivyochafuliwa. Lakini msiseme basi harufu mbaya si kitu. Harufu ni mjumbe. Chooni atuambia ya kuwa pana mahali inzi watazaliwa, kisha watakuja kutua juu ya wali wetu. Pembeni mwa chumba atuambia ya kuwa pana unyevu na ukungu, na ukungu huwazidishia tabu wenye pumu. Mwenye kufukiza udi ili asisikie harufu amemfunga mjumbe kinywa kabla hajamaliza habari.

Sasa twende nyumbani tutafute. Mara nyingi watu hufagia uwanja mpaka ung'ae, na uvundo u ndani ya kitanda. Godoro la sufi hunywa jasho na unyevu wa usiku, na mtoto mdogo naye huliongezea yake. Godoro la namna hii lipelekwe juani kila juma, ligeuzwe pande zote mbili, lipigwe kwa fimbo mpaka vumbi litoke, wala lisirudishwe ndani kabla halijapoa na kukauka kabisa. Kitanda cha kamba kitolewe nje, kimwagiwe maji ya moto katika maungio, maana hapo ndipo kunguni wakaapo, nao kunguni wakiwa wengi wana harufu yao wenyewe, ambayo aliyeisikia mara moja haisahau. Mkeka uliokojolewa haufai kukunjwa na kuwekwa nyuma ya mlango. Uoshwe siku ile ile, utundikwe. Mama mmoja akituuliza kwa nini chumba chake chanuka ijapokuwa afua kila siku, tutamwomba kwanza atuonyeshe vitu vilivyokunjwa na vilivyofunikwa.

Jikoni, samaki ndiye mwenye makosa mengi. Maji aliyooshewa yasimwagwe mlangoni. Yamwagwe shimoni, na magamba yafukiwe. Kisu na kibao visuguliwe kwa majivu, kisha kwa ganda la ndimu, na mikono vivyo hivyo. Nyuma ya nyumba nyingi pana kidimbwi cha maji ya kuoshea vyombo, cheusi, chenye povu, ambacho bata peke yao ndio wakipendao. Hapo chimbeni shimo, mlijaze mawe na vipande vya matofali, maji yapate kuzama ardhini. Ni kazi ya asubuhi moja kwa vijana wawili.

Choo cha shimo hakina lazima ya kunuka kama watu wengi wanavyoamini. Kila atumiaye na atupie majivu makavu, konzi moja au mbili, kisha arudishe mfuniko wa tundu. Majivu hukausha na kufunika. Mfuniko huzuia inzi. Maji ya kuogea yasielekezwe humo, kwa sababu shimo lililolowa hunuka kuliko lililo kavu. Tumewafundisha hayo wanafunzi wengi, na kila mwaka wako wachache wanaosahau mfuniko. Kusahau kwao twakujua kabla hatujafika.

Baada ya hayo, fungueni madirisha. Twajua sababu za kuyafunga: mwizi, mvua, mbu, baridi. Mwizi huzuiwa kwa nondo au fito zilizokazwa vema, mbu kwa chandarua na wavu. Lakini nyumba isiyopitiwa na upepo hukusanya pumzi za watu, moshi wa kibatari na harufu ya chakula cha jana, na kesho yake huanza juu ya ile ya leo. Dirisha moja halitoshi. Upepo wataka mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, kwa hiyo madirisha mawili yaelekeane. Tena, kwa kuwa hewa ya moto hupanda, uwazi mdogo ulioachwa juu ya ukuta, chini ya mapaa, utatoa moshi mwingi hata usiku. Mafundi wa zamani wa pwani walijua jambo hili, nasi twasikitika tukiona nyumba mpya zimezibwa juu kabisa kwa kutaka kupendeza.

Hapo sasa, nyumba ikiisha safishwa na kukauka, manukato yana mahali pake, nasi hatutaki kuwanyima watu furaha hiyo. Wanawake wa Unguja, Mombasa na Lamu ni mabingwa wa kazi hii. Huchuma asumini jioni yakiwa bado machipukizi, wakayatunga, nayo hufunguka usiku na kujaza chumba. Huweka ua la mkadi katikati ya nguo ndani ya sanduku, hata nguo ikitolewa baada ya miezi huwa na harufu njema. Hufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kutia maji ya kunywa. Nguo za kutokea hutandazwa juu ya tenga lililofudikizwa, chini yake pakiwa na chetezo chenye udi, na mtu akikaa karibu kutazama isiungue. Ubani watoka katika miti ya nchi ya Wasomali na kusini mwa Arabuni. Udi watoka mbali zaidi, katika Bara Hindi na nchi zilizo mashariki yake, ndiyo sababu bei yake ni kubwa.

Mkaao bara, msione ya kuwa mmenyimwa. Mrehani wakubali kuota katika kopo bovu chini ya dirisha. Mchaichai hustawi ukingoni mwa kisima. Majani yake yakichemshwa, maji yake ni mazuri kwa kupangusia sakafu ya saruji. Karafuu chache katika kitambaa hutosha sanduku la nguo. Sisi, kwa maoni yetu, twapenda harufu hizi za bustani kuliko chupa za dukani zenye kupiga kelele puani. Lakini kila mtu na pua yake.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema nanyi. Tumesema ya kuwa pua ni mlinzi. Basi iko hewa moja ambayo mlinzi huyu haioni kabisa. Makaa ya moto yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, ambayo wataalamu huiita kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikoozeshi kama moshi. Makaa yakiwa mekundu, hayatoi moshi tena, hapo ndipo watu husema yamekuwa safi, wakayaingiza ndani. Kumbe sumu ingali ikitoka. Mtu aivutaye huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, viungo vikalegea, usingizi ukamshika. Aliyelala hatambui lo lote kati ya hayo, akafa usingizini. Na udi ukichomwa juu ya makaa hayo, chumba hunukia vizuri, na watu huzidi kutulia.

Tunawaza hasa vyumba vya wazazi, ambamo mama na mtoto mchanga hutiwa joto kwa jiko la makaa, na mlango hufungwa ili upepo usiwapige. Tunawaza pia nchi za milimani, kama Usambara na Njombe, ambako baridi ya mwezi wa Juni na Julai humfanya mtu avute jiko karibu na kitanda. Mpeni mama nguo nzito na mablanketi, chumba kitiwe joto wakati watu wakiwa macho na dirisha li wazi, kisha jiko litoke. Mkimkuta mtu katika chumba cha namna hiyo hajifahamu, msipoteze wakati kumwita jina. Fungueni mlango na madirisha, mtoeni nje penye upepo, mpelekeni upesi kwa mganga wa hospitali.

Na chetezo vivyo hivyo. Fukizeni mapema, watu wakiwa wangali wakiongea na mlango u wazi. Moshi ukiisha enea, kitoeni mpaka uani, mkimwagie mchanga au maji, ndipo mkalale. Harufu ya udi itabaki katika mapazia na nguo hata asubuhi, makaa yakiwa nje.

Kwa herini, wasikilizaji wetu. Laleni salama.