Dakika za Kwanza ni Zenu: Kwa Nini Kila Jengo Lifanye Mazoezi ya Kujiokoa

Hotuba ya afisa wa idara ya zimamoto ya kaunti kwa walimu, wasimamizi wa kazi na viongozi wa masoko



Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto na kukabiliana na majanga. Hiyo ni kazi yetu, na hatuikwepi. Lakini gari la zimamoto, hata likiondoka kituoni mara tu simu inapoingia, lazima lipite kwenye msongamano, lipenye vichochoro na litafute lango. Moto haulingoji. Dakika za kwanza ziko mikononi mwa walio ndani ya jengo: mwalimu wa zamu, mlinzi, mpishi, fundi, mteja. Kwa hivyo leo sitawauliza kama mna mitungi ya kuzimia moto. Nawauliza hivi: ni lini mara ya mwisho watu wote walitoka nje ya jengo lenu kwa mazoezi?

Mtungi hununuliwa kwa siku moja, ukatundikwa ukutani, na mkaguzi akauona. Mazoezi hayanunuliki. Nayo ndiyo yanayofichua mambo ambayo karatasi haionyeshi. Ufunguo wa mlango wa nyuma uko na mtu aliyeenda likizo. Magunia yamerundikwa mbele ya mlango wa dharura. Kengele haisikiki jikoni. Mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu hajapangiwa mtu wa kumsaidia kushuka ngazi. Ni heri mambo haya yajulikane mchana, watu wakicheka, kuliko usiku wa moshi.

Nchi yetu imelipia somo hili kwa machozi. Mwezi Machi 2001, wavulana 67 walikufa bwenini katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024, tulipoteza wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Kati ya misiba hiyo miwili, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008. Unasema milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya vitanda iwe angalau mita 1.2. Ukisomwa ofisini, ni maneno tu. Waamshe wanafunzi usiku, taa zikiwa zimezimwa, uwaambie watoke, na utaona kila kipimo kinatafuta nini.

Kwa upande wa kazini, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka huo huo zinataka kuwe na kikosi cha kuzima moto kazini, na mazoezi ya kujiokoa yafanywe angalau mara moja kila mwaka. Mlango wa kutokea usifungwe kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua kwa urahisi. Najua kuna wanaofunga kwa kuogopa wizi. Bidhaa hulipwa; mtu halipiki.

Sasa, mazoezi yenyewe hufanywaje? Chagueni mahali pa kukusanyikia, mbali na jengo na mbali na njia ya gari la zimamoto. Teueni mtu wa kila chumba au kila mstari wa vibanda, na msaidizi wake. Pigeni kengele, au filimbi kama hamna kengele. Watu watoke wakitembea, bila kurudia mkoba wala simu. Wafundisheni kuinama na kutambaa panapokuwa na moshi, kwa kuwa hewa ya kuvuta huwa chini. Wakishafika nje, wahesabuni kwa majina. Pimeni muda, andikeni kilichokwama, kirekebisheni, kisha rudieni. Zoezi lililokwama limefanya kazi yake, mradi mrekebishe.

Mtungi nao uguswe kabla ya siku ya hatari. Vuta pini, elekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto, finya mpini, pitisha kushoto na kulia. Mtungi wa kawaida huisha kwa muda usiofika dakika moja, kwa hivyo ni wa moto mdogo tu, na mlango wa kutokea uwe nyuma yako. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usimwagie maji. Zima jiko kama unaweza kulifikia, funika sufuria. Aliyeungua, mwagie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake samli, dawa ya meno wala unga.

Kwa ndugu zetu wa bodaboda na wanaoishi kando ya barabara kuu: Januari 2009, pale Sachangwan, zaidi ya watu 100 walikufa lori la mafuta lililopinduka liliposhika moto wakati watu wakichota petroli. Lori likianguka, ondokeni, zuieni wengine wasikaribie, msiwashe kitu, na mpige 999 au 112. Haya yazungumzwe stejini kama mnavyozungumzia bei ya mafuta.

Ombi langu ni moja. Kabla mwezi huu haujaisha, kila shule, kila hoteli, kila kiwanda na kila soko lifanye zoezi moja. Tualikeni, kuwafundisha ni sehemu ya kazi yetu. Na msipotualika, fanyeni tu wenyewe. Leo jioni, kabla ya kwenda nyumbani, nenda kwenye mlango wa nyuma wa mahali pako pa kazi, uusukume. Ukikataa kufunguka, umeshapata kazi ya kesho asubuhi.

Tahadhari kabla ya hatari.