Kidonda Chini ya Mkia: Saratani ya Vifuko vya Mkunduni kwa Paka wa Eastlands



Ugonjwa nitakaouzungumzia, saratani ya vifuko vya mkunduni kwa paka, ni nadra. Haufiki hata asilimia 1 ya uvimbe wa ngozi unaoonekana kwa paka. Umestahili mhadhara kwa sababu unapokuja hujifanya jipu, na majipu ya paka hapa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ni mengi.

Paka wa mitaa yetu hutembea usiku. Hugombana juu ya mabati, nyuma ya maduka ya nafaka na kandokando ya vibanda vya nyama sokoni Burma. Asubuhi mmoja hurudi na tundu la jino karibu na mkia, na baada ya siku chache pamefura na panatoa usaha. Mwenyewe huenda agrovet, hupewa antibiotiki, jipu hupona. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu huanza kidonda kile kile kinaporudi pale pale, kwa paka mzee wa miaka 11 au 12 ambaye siku hizi hata ukutani hapandi, naye akapewa dawa ile ile mara ya pili na ya tatu.

Saratani hii ikichimbika, bakteria huingia ndani yake. Antibiotiki huwaua bakteria hao, basi usaha hukauka, uvimbe hunywea kidogo, na nyumba nzima hushukuru. Chini ya ngozi, saratani yenyewe haijaguswa. Nafuu hiyo fupi ndiyo inayotupotezea miezi ambayo kisu kingeweza kusaidia. Kwa hiyo nasema wazi: antibiotiki ya kwanza naikubali, lakini ya pili isitolewe kabla mkundu haujapimwa kwa kidole na uvimbe haujachomwa sindano.

Kila paka ana vifuko viwili vya tezi, kimoja kila upande wa mkundu, mahali zilipo tarakimu 4 na 8 kwenye uso wa saa. Kifuko kizima ni kama punje ya njegere, laini, na kimefunikwa na misuli inayofunga njia ya haja. Paka hakubali kupimwa huko akiwa macho, na hana kosa. Apewe dawa ya kumtuliza. Daktari avae glovu, apake mafuta, aingize kidole chake kidogo na alinganishe pande mbili. Ukuta wa kifuko uliokuwa mwororo ukikuta umekuwa mgumu au una vinundu, usiupasue kutoa usaha kisha ukaridhika. Choma sindano nyembamba, vuta, tandaza kwenye kioo, uache kikauke. Sindano ikitoa usaha mtupu, kata kipande cha ukuta wenyewe, ukitie kwenye formalini ya asilimia 10, nyingi mara 10 kuliko kipande.

Hapa nina neno kwa wanafunzi. Vioo na chupa ya formalini visisafiri pamoja katika mfuko mmoja kutoka Umoja hadi maabara ya Kabete. Mvuke wa formalini huharibu namna seli zinavyopokea rangi, na mtaalamu wa patholojia atabaki akitazama ukungu kwenye hadubini. Safari ile ya kuvuka jiji lote, Jogoo Road na foleni zake, itakuwa ya bure, na mwenye paka hatakuwa na nauli ya kuirudia.

Tusichukue pia elimu ya mbwa tukaivisha paka. Mbwa dume asiyehasiwa hupata uvimbe wa tezi nyingine za kuzunguka mkundu, unaochochewa na homoni za kiume, na kumhasi humsaidia. Paka hana tezi hizo, kwa hiyo kumhasi hakutaponya kitu hapa. Mbwa mwenye saratani ya vifuko mara nyingi huonyesha kalsiamu nyingi damuni. Kwa paka hilo ni nadra, na kipimo cha kalsiamu kilicho sawa kisimtulize daktari yeyote.

Jibu likithibitisha saratani, tafuta imefika wapi: ultrasaundi ya tezi za limfu zilizo chini ya uti wa mgongo karibu na nyonga, na eksrei ya mapafu. Pima figo kabla ya dawa ya usingizi, maana paka wa umri huo wengi figo zao zimechoka.

Tiba kuu ni upasuaji wa kutoa kifuko kizima pamoja na nyama kidogo ya pembeni, na ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Nafasi ni finyu. Ukikata kidogo unaacha saratani, ukikata sana paka hawezi tena kuzuia haja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulifuatilia paka 30 waliopasuliwa. Zaidi ya theluthi uvimbe uliwarudia, na nusu ya paka wote 30 waliishi siku 260 hivi au zaidi. Mwenye paka aambiwe hivyo kabla ya kulipa. Kaboplatini inaweza kuongezwa, ingawa ushahidi wa faida yake ni mdogo. Sisplatini, dawa inayokaribiana nayo kwa jina, paka asipewe kamwe. Hujaza mapafu maji na kumuua.

Nyumbani, kidonda kikiwa kibichi, weka gazeti lililochanwa badala ya mchanga, na paka asitoke nje, kwa kuwa nzi hutaga kidondani na mabuu huingia. Parasetamoli usimpe hata nusu kidonge. Usimmwagie dawa ya kuogeshea ng'ombe au mbwa yenye pamethrini au saipamethrini. Choo kikiwa kigumu, daktari ataagiza laktulosi, na maumivu yatibiwe kwa dawa ya paka kwa kipimo cha paka.

Asiyeweza kumudu upasuaji si mtu mbaya, na asiondoke kliniki akiwa amefedheheshwa. Atapewa dawa za maumivu na atafundishwa dalili za kutazama: paka akikaa chooni muda mrefu bila kutoa kitu, akiacha kujilamba manyoya, akikataa hata omena, wakati wa kulazwa usingizi wa mwisho umefika. Hapo nina ombi kwenu wenye paka. Mkiridhia, ruhusuni mwili ufunguliwe na tezi za nyonga, ini na mapafu vitazamwe kabla ya kuzikwa, ili tujue saratani hii kwa paka wa mitaa yetu huanza kusambaa lini na huelekea wapi kwanza.