Mtoto Asiyesoma Si Mvivu
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, waalimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia madawati tuliyoyachora sisi:

Nilitakiwa niseme machache juu ya utumishi serikalini. Naomba radhi, nitasema juu ya mwanangu.

Kijana huyu alianza shule katika mji niliokuwa nikifanya kazi. Akiwa na miaka minane aliweza kufungua redio mbovu na kuifunga tena ikalia, na kwa hesabu za kichwani alinishinda mimi mwenye digrii. Lakini mpe kitabu! "Baba" na "dada" kwake ni mamoja. Neno refu kama "tulipowaandikia" hulianza, hupotea katikati, mwisho hukisia. Ripoti ya shule ilisema ni mvivu, nami nikaamini. Nilimchapa, ndugu zangu. Usiku nilimkalisha mezani mpaka akasinzia juu ya kitabu. Sisemi haya kwa fahari.

Nilipohamishwa nilimwacha kwa bibi yake, Masanze, akaingia darasa la tatu. Baada ya wiki chache mwalimu wake, mama mmoja mpole, aliniita. Akasema: "Mzazi, huyu ukimsomea swali anajibu lote. Akisoma mwenyewe anapata sifuri. Sasa huo ni uvivu gani?"

Tulimpima macho na masikio hospitali, vyote vizima. Ndipo nikaanza kusoma mwenyewe. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa na akili nzuri lakini hakuweza kusoma. Mwalimu wa mvulana yule alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, yeye ndiye angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje. Hali hiyo huitwa disleksia. Ubongo hupata taabu kuunganisha sauti na herufi. Akili haina kasoro, na mara nyingi hali hii hufuata ukoo.

Nikamkumbuka pia mwenzetu wa bweni letu, aliyeweza kurudia somo zima la historia kwa kusikia mara moja, na mtihani ukija karatasi yake ilikuwa aibu. Tulimpa jina ambalo sitalirudia hapa. Aliishia kidato cha pili. Baadhi yenu mnalikumbuka jina lile.

Yule mwalimu wa Masanze alikuwa na darasa la watoto zaidi ya sabini. Alimweka mwanangu mbele, akamsomea maswali kwa sauti, akampunguzia kunakili ubaoni, wala hakumwinua asome mbele ya wenzake bila kumwandaa. Kila siku, baada ya masomo, robo saa ya silabi: vipande vya boksi vilivyoandikwa *mba, nda, nge*, na kidole mchangani. Gharama yake ilikuwa chaki.

Mimi kazi yangu ilikuwa makaratasi. Ofisi moja ilinidai cheti cha daktari. Daktari akasema uthibitisho hutolewa na shule. Nimekaa serikalini miaka ishirini, nikajua faili hilo limekufa. Lililotuokoa ni daftari la mwalimu. Kwa miezi mitatu aliandika, pamoja na tarehe, swali lile lile kijana alivyolijibu kwa mdomo na alivyolijibu kwa kalamu. Mkuu wa shule yake alipoliona hakudai cheti tena. Wazazi, anzeni na daftari.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya elimu, na Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, hufundisha waalimu wa elimu maalumu. Baraza la Mitihani nalo limekuwa likiwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 katika masomo mengine. Lakini katika orodha zinazotangazwa nimesikia wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi. Mtoto wa namna ya wangu sijamsikia akitajwa. Haonekani kwa macho, basi hana mstari wake.

Kijana sasa yuko kidato cha kwanza, hapa hapa shuleni kwetu. Kiswahili amekwisha kukisoma, polepole, kwa sababu kila herufi yetu ina sauti yake. Kiingereza ndicho kimemrudisha nyuma, maana herufi zile zile husomeka hivi leo na vile kesho. Nanyi vijana mnaokaa naye bweni moja, msimpe jina.

Ndugu Mkuu wa Shule, daftari nimekuja nalo, na barua iko hapa mfukoni. Ninaomba asomewe maswali ya majaribio, aongezewe muda, na jina lake lishughulikiwe mapema kabla orodha ya watahiniwa haijapelekwa. Nitaomba dakika tano zako kabla hatujaitwa kula.