Kandambili na Raizoni

(Mazungumzo mbele ya Umoja wa Wanafunzi wa Zamani pamoja na wanafunzi wa sasa)



Nimetakiwa niseme machache juu ya klabu za mpira na watu wa Kariakoo. Naona baadhi ya nyuso zimeanza kukunjana, kwani kila mtu anataka kwanza kujua kama mzungumzaji ni wa Jangwani au wa Msimbazi. Sifichi, mimi ni Yanga, mtoto wa Yanga. Watani wangu wa Simba wanivumilie, maana nitakayosema hayataipa Yanga kichwa kikubwa.

Ninyi vijana mnajua kwamba Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936 ikiitwa Queens, baadaye Eagles, kisha Sunderland, hata mwaka 1971 ilipochukua jina la Simba. Lisilosemwa sana ni kwamba klabu hizi zililelewa barazani. Kariakoo ya utoto wangu ilikuwa ya nyumba za Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, na mbele baraza ambapo muuza kahawa alipita na wazee walicheza bao. Mambo ya klabu yalizungumzwa hapo hata kabla ya kufika mkutanoni. Mtu alilipa ada yake kwa senti za nazi au za cherehani. Ni kweli majengo yalipatikana kwa msaada wa wakubwa, na Mzee Abeid Amani Karume anakumbukwa na pande zote mbili kwa hilo. Lakini aliyefagia jengo alikuwa jirani yetu, na mama yangu mdogo alipata kupika wali wa wachezaji bila kulipwa hata thumni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Januari 1975 Yanga ilikwenda Unguja, ikaifunga Simba 2-0 katika fainali ya ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati. Tukadhani tumefika. Mwaka mmoja baadaye klabu ilikuwa imepasuka. Upande mmoja uliitwa Raizoni, kwa jina la vile viatu vya soli nene vilivyokuwa fasheni siku zile, na wa pili ukaitwa Kandambili. Raizoni, kwa jumla, walikuwa watu wa maofisini na vijana waliosoma, waliotaka klabu iendeshwe kisasa. Kandambili walikuwa wazee na watu wa mitaani. Raizoni wakaondoka na wachezaji wengi hodari, wakaunda Pan African. Kandambili wakabaki na jengo, jina na rangi.

Mimi nilikuwa Raizoni. Nilikuwa nimetoka shuleni hapa si zamani, nina kazi ya ofisini, na viatu vyenyewe ninavyo. Baba yangu aliuza nazi sokoni na kuvaa kandambili mwaka mzima. Tulikula sinia moja miezi mingi bila kutaja mpira. Siku moja tu aliniambia, "Hivyo viatu vyako, mwanangu, mvua ikinyesha Jangwani utavivua." Nikamcheka.

Na kwa matokeo, tulikuwa na sababu ya kucheka. Simba ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo, kuanzia 1976 hadi 1980. Tarehe 19 Julai 1977 iliifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni peke yake akitia matatu. Wakati huo Pan ilikuwa na akina Leodegar Tenga na Juma Pondamali, waliokwenda na Taifa Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Nigeria mwaka 1980. Mwaka 1982 Pan ikawa bingwa. Nilitembea kifua mbele.

Lakini nyie vijana, nani kati yenu amepata kuiona Pan African ikicheza Ligi Kuu? Tulikuwa na wachezaji, na watu wa kuandika katiba nzuri, ila hatukuwa na mabaraza ya kutosha. Mchezaji alipozeeka hakuwapo mzee wa kutuletea kijana wa mtaani kwake, na nauli ilipopungua hapakuwa na wa kupitisha kofia. Yanga iliyofungwa sita ilirudisha ubingwa mwaka 1981. Wala sisemi Kandambili walikuwa malaika. Palikuwa na fitina, na aliyeuliza hesabu alionekana mchawi. Raizoni tulikuwa na haki kuhusu daftari la fedha. Kosa letu lilikuwa kumwacha mwenye klabu nyuma.

Leo zile nyumba za vyumba sita zimepisha maghorofa ya maduka, na watoto wa Kariakoo wako Mbagala, Chanika na Tegeta. Wanachama wa Simba waliridhia mwekezaji apate asilimia 49, wao wabaki na 51, na mwaka 2021 Yanga nao wakapitisha utaratibu wa namna hiyo. Wapo wazee wanaolalamika. Mimi silalamiki, fedha zilihitajika. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba mwaka 2025. Lakini ile 51 ni ya mwenye kadi. Jezi haipigi kura. Naona jezi nyingi hapa, na wazee wenzangu wenye vyeo mmezivaa vizuri kuliko watoto. Ni wangapi wenye kadi mfukoni? Ninyi mnaojua kusoma hesabu, nendeni kwenye mikutano ya matawi yenu, mkaulize fedha imekwendaje. Na mkishindwa kwa kura, msiondoke kama tulivyoondoka sisi.

Mimi nilirudi Jangwani mwaka 1983, nikifuatana na baba kwenye mkutano. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na maji yamejaa njiani. Nikainama, nikavua viatu, nikavishika mkononi. Baba alinitazama miguu, hakusema kitu. Tulipofika akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi.