Umbali Hujifunzwa kwa Miguu: Uwanja wa Shule na Somo la Vipimo katika Elimu ya Awali

Mada niliyopangiwa inahusu kufundisha dhana ya umbali kwa watoto wadogo kupitia mwendo na michezo ya nje. Maana ya maneno yenyewe mnaijua, nami sitawachosha nayo: umbali ni nafasi iliyopo baina ya mahali na mahali, na kupima ni kulinganisha nafasi hiyo na kipimo kilichochaguliwa. Mtaala wa Elimu ya Awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) mwaka 2016 ulitaka mtoto ajifunze kwa kucheza na kutenda, na hilo halina ubishi. Kinachohitaji mjadala ni kwa nini, pamoja na maelekezo hayo, mtoto bado anafundishwa umbali akiwa amekaa.

Jean Piaget na wenzake Bärbel Inhelder na Alina Szeminska, katika kazi yao ya mwaka 1948 kuhusu jinsi mtoto anavyoelewa jiometri, waliwaonyesha watoto miti miwili ya kuchezea, kisha wakaweka kizuizi katikati. Miti haikusogezwa hata kidogo, lakini watoto wadogo walisema umbali umebadilika. Kwao nafasi iliyo wazi na nafasi iliyojazwa kitu ni vitu viwili tofauti. Mtoto wa namna hii akipewa rula hana cha kuishikiza. Ndiyo maana walimu wengi wa madarasa ya chini wanawaona watoto wakianza kupima kwenye 1 badala ya 0, au wakihesabu vistari badala ya nafasi zilizo kati yake. Mwaka 1963 Richard Held na Alan Hein walilea paka wadogo wawili wawili: mmoja akitembea mwenyewe, mwenzake akibebwa kwenye kikapu kilichovutwa na mwendo wa yule wa kwanza. Wote waliona mazingira yaleyale, lakini aliyebebwa ndiye aliyeshindwa baadaye kutambua kina. Paka si watoto, na sipendekezi tujenge mtaala juu ya jaribio moja la maabara. Hata hivyo linatutahadharisha: jicho peke yake, bila mwili unaokwenda, linaweza kutazama sana na kujifunza kidogo.

Michezo ya watoto wetu inabeba hesabu ambayo ubao hauwezi kuibeba. Anayepima kwa shibiri katika mchezo wa gololi hathubutu kuacha pengo kati ya shibiri na shibiri, wala kurudia pale alipokwisha kupima, kwa sababu mwenzake atamkatalia papo hapo. Kipimo hupangwa mfululizo bila pengo na bila kupandiana: hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kupima urefu. Watoto wanaopima magoli kwa nyayo wanajua pia kwamba aliyepima goli la huku ndiye apime la kule, la sivyo mmoja atapunjwa. Wameshaifikia haja ya kipimo cha pamoja kabla hawajasikia neno sentimita. Katika mchezo wa rede, anayekimbia kati ya warushaji wawili wa mpira anakadiria umbali kwa kila hatua, na makosa yake yanasahihishwa na mpira, si na kalamu nyekundu. Mwalimu akizidaka fursa hizi, akauliza kwa nini yeye amefika mwembeni kwa hatua chache kuliko mtoto, au kwa nini njia ya kuzunguka darasa imekula hatua nyingi kuliko ya kukatiza, anafundisha hisabati kamili. Kutoka hapo, shibiri mbili kufanya mkono, na mikono minne kufanya pima, ni ngazi ya kupandia kuelekea mita.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua kwa miaka mingi, nami nalisema kwa heshima kwa wenzangu wa uthibiti ubora wa shule. Kikwazo kikubwa si uhaba wa viwanja wala wa zana. Ni daftari. Kazi ya mwalimu wa awali inathibitishwa kwa daftari la mtoto, na kisichoandikwa huhesabiwa kuwa hakikufundishwa. Mwalimu aliyewatoa watoto nje asubuhi nzima, wakapima uwanja kwa kamba na kwa nyayo, hana cha kumwonyesha mthibiti ubora. Aliyewafungia ndani wakanakili picha ya penseli ndefu na penseli fupi ana kurasa zenye alama za vema. Huyu wa pili hakufundisha umbali hata kidogo: alifundisha kunakili. Lakini yeye ndiye aliye salama, na tunapowahimiza walimu watoke nje bila kubadili tunachokagua, tunawaomba wajiweke hatarini kwa niaba ya semina zetu. Sidai kwamba kuna mtu mwenye nia mbaya. Nadai kwamba fomu ya ukaguzi imeshika nafasi ya mtoto, na kwamba tumelivumilia hilo kwa muda mrefu mno.

Nitaambiwa madarasa yamefurika. Ni kweli: uwiano unaotakiwa ni mwalimu 1 kwa watoto 25, na tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, darasa lenye watoto zaidi ya 100 si jambo la kushangaza. Lakini msongamano ni sababu ya kutoka, si ya kubaki. Rula moja haiwatoshi watoto 100, ilhali kila mmoja amekuja na nyayo zake. Nitaambiwa wazazi wanataka kuona maandishi. Wazazi wana haki ya kuona maendeleo, nasi hatujawahi kuwaonyesha kitu kingine. Hoja ya usalama ni nzito zaidi, hasa pale shule inapopakana na barabara au ina choo kinachochimbwa, na hapo mwalimu mmoja kweli hatoshi.

Kwa hiyo napendekeza andalio la somo la awali liwe na nafasi ya kuandika alichotenda na alichosema mtoto nje, na mthibiti ubora ayakubali maandishi hayo kama ushahidi. Mthibiti aone angalau kipindi kimoja uwanjani kabla ya kufungua daftari. Rula isubiri hadi watoto wamepima kwa nyayo, shibiri na kamba. Halmashauri, zinapogawa ardhi ya shule au kuongeza majengo, ziache uwanja wa watoto wadogo, nao uzungushiwe uzio. Kamati za shule ziwaalike wazazi washuhudie watoto wakipima, badala ya kuwapelekea daftari tu. Vyuo vya ualimu vimpime mwanachuo wa elimu ya awali akiwa na watoto nje, siyo ndani pekee. Shule zenye mwalimu mmoja zitafute mzazi wa kujitolea kwa vipindi vya uwanjani. Nasisitiza, kwa sababu mengine yote yanategemea hili: fomu ya ukaguzi ibadilishwe kwanza, na ibadilishwe kwa maandishi, yafike kwa kila mwalimu mkuu kabla ya muhula ujao kuanza.